Bibi Harusi Stima Hii, Padri Stima Ile

Jumatatu, 1 Agosti 1864. Yuma

Nimempata! Bibi Remedios Ybarra anasafiri na mimi, Cornelius Wadlow, kapteni wa stima Nyota. Tull bado hana habari.

Niandike kwa utaratibu. Don Fermín wa Los Sauces, mwenye duka na nyumbu wote wanaokwenda machimboni, anaoa. Mchumba wake katoka Guaymas kwa bahari, kashuka Yuma jana. Don Fermín katangaza kwamba kapteni atakayemfikishia mchumba gatini kwake kabla ya Jumapili ya tarehe kumi na nne, huyo ndiye atabeba mizigo yake yote ya mwaka. Stima zinazopanda mto mwezi huu ni mbili tu: Nyota yangu, na Malkia ya Ambrose Tull. Wenye Nyota wamesema waziwazi. Mizigo hiyo tukiikosa, mitambo itang'olewa ikasage unga, na sitaha itakuwa zizi la mbuzi.

Nilimwambia Bibi Remedios nimesikia kwamba vitanda vya Malkia vina kunguni. Si uongo. Nilijisikia kwa masikio yangu mwenyewe nikisema.

Akaja mara moja. Akaja na kinubi, tenga la kuku, na tanuri la chuma la kuokea mikate ambalo wanaume walilibeba huku wakimtaja Mungu. Nyota ikazama vidole vinne. Hosea, fundi mitambo wangu na mume wa dada yangu, aliinama akatazama maji yalipofika, kisha akaniuliza: "Shemeji, tumepakia mke au tumepakia nyumba?"

Tull kaambulia padri mzee mwenye sanduku la bati. Maskini. Nilicheka hadi chakula cha jioni.

Jumanne, 2 Agosti

Mpango wa leo: kuondoka kabla Tull hajaamka. Tuliondoka. Tull alikuwa anakoroma, nilimsikia mwenyewe kutoka gatini.

Mto huu unalala huku unaamkia kule. Anselmo, mwenyeji wa mto huu wa kabila la Quechan, anayesimama omo, mbele kabisa, na upondo wa kupima kina, alianza kuita vizuri tu. Kiunoni. Kiunoni. Magotini. Halafu kimya. Nilipouliza kina ni kiasi gani, nilimwona ameteremka, anatembea kando ya stima, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akaniambia kwa heshima zote, "Hapa, Kapteni, mimi nitafika kabla yako."

Tulikuwa bado tunaonekana kutoka Yuma. Watu walileta matikiti wakakaa ukingoni kututazama. Mtu mmoja alileta kiti.

Tull akapita upande wa pili, mvuke mweupe, kofia mkononi. Padri akatubariki.

Ilibidi tugeuze Nyota, tezi ikatangulia, gurudumu la nyuma likachimba mchanga chini yake hadi tukajipenyeza kinyumenyume kama ng'ombe anayetoka zizini. Jua lilikuwa limeshainama. Bibi Remedios hakulalamika hata kidogo. Alisema Guaymas hakuna burudani kama hii.

Jumatano, 3 Agosti

Siku njema. Tumemkuta Tull amefunga kamba chini ya miti, watu wake wanakomba tope ndani ya boila. Maji ya mto huu ni uji. Nilipiga honi ndefu, nikapita. Kisha nikapiga nyingine, fupi, ya dharau.

Hosea alisema na sisi tusimame tukombe tope letu. Nilimwambia baadaye. Akasema boila haijui baadaye. Mtu huyu hana roho ya ushindani. Sijui dada yangu alimpendea nini.

Alhamisi, 4 Agosti

Mpango ulionijia wakati nanyoa ndevu. Juu ya kona ya Miamba Miekundu mto unagawanyika. Mkondo wa kushoto unapitika. Wa kulia ni dimbwi lisilo na mlango. Manahodha wote tunafuata fito za mierebi zilizochomekwa mchangani. Nikamtuma Anselmo azing'oe fito za kushoto azipeleke kulia. Tull azifuate, akae dimbwini mwezi mzima na padri wake.

Anselmo aliuliza kama, akimaliza fito, ningependa ausogeze na mlima. Nilimwambia afanye kazi. Akaifanya, anacheka peke yake.

Mchana ukavuma upepo wa mchanga, hatukuona hata bomba letu la moshi. Tukafunga kamba pembeni.

Ijumaa, 5 Agosti

Upepo umetulia. Mimi kushoto, kwa kujiamini. Tukakwama papo hapo. Mkondo wa kushoto hakuna tena. Usiku kucha mto ulikuwa unahamia kulia, nami sikuambiwa.

Tull akaja nyuma, akaziona fito, akapita kulia bila hata kupunguza mwendo. Alipofika usawa wetu akaita: "Jirani! Umenichomekea fito nzuri kweli. Mungu akuzidishie." Sijui kama anajua. Uso wake hausomeki, umejaa ndevu.

Hosea akatoka chumba cha mitambo. Alikaa juu ya boksi la misumari akala yai. Namna yake ya kula yai ilisema yote.

Jumamosi, 6 Agosti

Tumemfikia Tull kwenye kuni. Kituo hiki cha kuni ni cha shangazi yake Anselmo, mama mnene, mpole kwa sura. Tull alikuwa bado anapatana naye, anakwenda polepole, anauliza hali ya wajukuu. Nikaruka katikati. Nikamwambia mama nazitaka zote, mpaka kijiti cha mwisho, nami nitatoa vitambaa, sukari, na kioo changu cha kunyolea. Bila kuni Malkia ni banda tu linaloelea. Tukakubaliana. Tull akabaki kinywa wazi.

Watu wangu walipakia hadi mchana. Sitaha ikajaa, paa likajaa, Bibi Remedios akapanga kuni kuzunguka kinubi. Nikaamuru tuondoke. Gurudumu likazunguka. Nyota haikujongea. Ilikuwa imekaa chini ya mto, imetulia kama kuku juu ya mayai.

Tull akauliza kwa upole kama nimeamua kuhamia hapa.

Ikabidi tuzitupe ukingoni, nusu nzima. Nilipotaka kuzihesabu kuwa zangu, mama akasema kuni zilizo ukingoni kwake ni zake, ndivyo imekuwa tangu bibi yake. Akamuuzia Tull kuni zilezile. Tulipoondoka alikuwa anajitazama kwenye kioo changu, anageuza shingo huku na huku. Anselmo alisema shangazi ananisalimu na anasema nipite tena, na tena.

Kesho nitanyoa kwa kubahatisha.

Jumapili, 7 Agosti

Bibi Remedios amewasha tanuri lake kwenye sitaha. Mikate! Miezi mingi tunakula maharage na nyama kavu ngumu kama hatamu. Leo wapagazi wangu waliuma mkate, wakafumba macho. Hosea alikula mmoja mzima, kisha akaenda kukomba tope la boila bila kuambiwa, anapiga mluzi.

Jioni tukiwa tunakunywa kahawa, Bibi Remedios akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa padri wa kuwafungisha ndoa yuko stima gani.

Nilikuwa natazama mto.

Akaendelea kwamba kwao mwanamke haingii nyumba ya mwanamume kabla ya kufungishwa ndoa, na kwamba hatashuka gatini bila padri hata tukifika leo. Hosea akacheka hadi akaegemea boila, akaungua kiwiko, akaendelea kucheka.

Kumbe ndiyo maana Tull hakugombea bibi harusi. Kumbe padri si wa bahati mbaya. Siku zote hizi nilikuwa namcheka mtu aliyeshika nusu ya pili ya harusi.

Jumatatu, 8 Agosti

Mpango mpya. Mzuri kuliko yote.

Malkia ililala karibu nasi. Nilimpelekea Padri Eulogio mkate wa moto umefungwa kwa kitambaa, na salamu kwamba ipo mingine. Alikuja kwa mtumbwi mdogo, anajipigia kasia mwenyewe, mzee wa watu. Akala. Akaomba kusikia kinubi. Bibi Remedios akampigia nyimbo za kwao, taratibu, na padri akalala kitini, makombo yamemjaa kifuani.

Nikaashiria kamba zifunguliwe kimyakimya.

Sikumteka. Alikuwa amelala, na stima yangu ilikuwa inaelekea kulekule anakokwenda. Alipoamka Malkia ilikuwa moshi tu kwa mbali. Hakukasirika. Aliuliza kama mkate umebaki.

Kisha akauliza sanduku lake la bati liko wapi. Lina stola ya kuvaa shingoni, divai, na kitabu, na bila hivyo hafungishi ndoa. Liko Malkia, chini ya kitanda chake.

Jumanne, 9 Agosti

Tull anatufukuza. Ni vigumu kuandika kwa sababu ya honi yake. Alipotukaribia akapaza sauti juu ya maji:

"Wadlow, nirudishie padri wangu!"

"Nipe sanduku!"

"Nipe bibi harusi nikupe sanduku!"

"Bibi harusi si gunia!"

Hapo Bibi Remedios akatoka na mwiko mkononi, akatuambia sote wawili tunyamaze, unga unaumuka. Tukanyamaza. Stima mbili zikapanda mto ubavu kwa ubavu kama wanafunzi waliokaripiwa.

Alasiri mawingu meusi juu ya milima ya mashariki. Radi. Anselmo akanusa hewa akasema kuna mvua kubwa huko juu. Nikamjibu kwamba maji mengi ni heri ya stima.

Alhamisi, 11 Agosti

Jana sikuandika. Jana mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Mto ulikuja mwekundu, mzito, umebeba miti mizima na mizizi yake. Gogo moja lilitupiga ubavuni, kuku wakapiga kelele, padri akasali kwa sauti. Niliona kijito cha pembeni, nikakikimbilia. Tull naye akakiona. Tukaingia pamoja, tukakwaruzana, na kwa mara ya kwanza hatukutukanana. Tulirushiana kamba.

Leo asubuhi kulikuwa kimya kikubwa. Nikatoka. Maji hakuna. Mto umehamia ng'ambo ya msitu wa mierebi, tunausikia tu. Umetuachia dimbwi na mchanga pande zote. Nyota imeinama kidogo. Malkia imeinama upande wa pili. Zimeegemeana kama walevi wawili.

Moshi wa Los Sauces tunauona. Lakini gati lao nalo limebaki juu ya nchi kavu.

Niandike na hili. Huko chini, karibu na Miamba Miekundu, kuna stima iliyokwama hivi mwaka juzi. Imo kwenye miiba hadi leo. Ndege wamejenga ndani ya bomba lake. Nilikuwa nikipita pale nacheka. Leo nimekaa kwenye ngazi ya Nyota, mikono magotini, na sikuwa na mpango wowote. Hosea akaja akakaa nami. Alinipa nusu ya mkate wake. Alisema, "Shemeji, unaumwa? Mbona hujasema jambo la kijinga tangu asubuhi?"

Kisha Tull akavuka kwa miguu, akiwa na birika la kahawa. Akasema jua hili litakausha dimbwi kabla ya wiki kuisha, na tukilala tu hapa tumekwisha, yeye na mimi. Akasema ana majembe manane. Nikamwambia mimi nina matano. Tukanywa kahawa. Ni nzuri kuliko yangu, sikumwambia.

Ijumaa, 12 Agosti

Tunachimba mfereji kutoka dimbwini hadi mto mpya. Wote. Watu wa Tull na wangu wamechanganyika hadi siwajui. Ndugu zake Anselmo wamekuja kutoka mashambani na majembe yao, wameleta maboga, na wanatutania hatuachwi. Padri kafunga kanzu kiunoni. Bibi Remedios alichimba hadi akatoa malengelenge, akayafunga kitambaa, akarudi kuchimba. Sauti ya wimbo ilianza upande wa Malkia ikafika kwetu. Sijawahi kuona watu waliokwama wakiwa na furaha namna hii.

Mchana nukta nyeusi ikaonekana kwenye tope kutoka Los Sauces. Ikakaribia. Ikawa mtu juu ya punda. Punda akasimama, ana akili. Mtu akashuka akaendelea kwa miguu, akazama magotini, akazama kiunoni, akabaki pale anapunga kofia.

Alikuwa Don Fermín. Alichoka kusubiri.

Tulimtupia kamba, akajifunga kifuani, na mimi na Tull tukazungusha wincha pamoja, polepole, kapteni huku na kapteni huku. Akatoka na kishindo, kiatu kimoja kimebaki chini. Huo ndio mzigo wa kwanza wa Don Fermín niliowahi kuuvuta.

Yeye na Bibi Remedios walionana mara moja tu maishani, kwenye harusi ya binamu, miaka mingi iliyopita, kila mmoja akiwa na mwenzi ambaye sasa ni marehemu. Alisimama mbele yake, tope tupu, macho tu ndiyo yanaonekana. Akasema, "Samahani, bibi. Nilipanga kuvaa vizuri."

Bibi Remedios alicheka hadi akakaa mchangani. Kisha akainuka, akavua mtandio wake, akaulowesha, akaanza kumsafisha uso. Polepole, paji, kisha mashavu. Alipofika kwenye kidevu akasema, "Ndiye. Namkumbuka."

Wapagazi wote waligeuka wakajifanya wanatazama mto.

Jumamosi, 13 Agosti

Harusi! Mchangani, katikati ya stima mbili. Sanduku la bati likaletwa kutoka Malkia, padri akavaa stola juu ya kanzu yenye tope. Kengele hatuna, tukapiga honi zote mbili hadi mvuke ukaisha. Mikate, maboga ya kuchoma, maharage, matikiti. Bibi harusi alipiga kinubi kwenye harusi yake mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Tull anacheza vizuri kwa mtu wa unene wake. Mimi nilicheza na shangazi yake Anselmo, aliyekuja kwa miguu kutwa kucha akikatisha kona za mto, na kioo changu kimening'inia shingoni. Aliniambia nina ndevu mbaya.

Ndipo mtu akauliza habari ya mizigo. Don Fermín akakuna kichwa. Akasema aliahidi kwa atakayemfikisha mchumba gatini, na mchumba hajafika gatini, na gati lenyewe sasa liko jangwani. Nikawaona mbuzi kwenye sitaha yangu.

Bibi Remedios akamwekea mkono begani. "Mume wangu, wape wote wawili, nusu kwa nusu. Mmoja akikwama, mwenzake amvute. Vinginevyo hutaona unga hadi uzeeni."

Don Fermín akasema haya, sawa. Basi. Lilikuwa neno dogo hivyo. Hosea alinikumbatia akaacha alama za viganja vya grisi mgongoni mwa koti langu pekee. Sitalifua kwanza.

Jumapili, 14 Agosti

Mfereji umefika mtoni. Maji yaliingia kidogo kidogo kama mgeni mwenye haya. Tukageuza stima zote mbili, magurudumu yakatazama mchanga, mimi na Tull tukaachia mvuke kwa pamoja. Tope likaruka juu ya mabomba. Likamfunika padri. Mfereji ukapanuka, ukapanuka, kisha nikahisi chini ya miguu yangu kitu ambacho nahodha hukihisi kabla hajakiona. Nyota ilikuwa inaelea.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Tull akanipa mkono kutoka sitaha hadi sitaha. Nilimwambia kwamba kuanzia leo sina mipango tena. Nitakuwa mtu wa kawaida, nitafuata mto unakotaka.

Alisema amefurahi sana kusikia hivyo.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimeamka na wazo.

Los Sauces haina mto tena. Duka la Don Fermín lazima lihame. Kila mtu lazima ahame. Na wapi? Hapa, ukingo mpya, mahali tulipochimba. Na nani ana mji hapa? Bado hakuna mtu.

Nimemaliza ramani kabla ya kahawa. Barabara kuu, uwanja wa kanisa, forodha, hoteli. Jina la mji: Wadlow. Tull bado analala. Akiamka atakuta mji.

Hosea ameuliza nitajuaje mto utabaki hapa. Nimemweleza kwamba mto umetoka kuhama juzi tu, hauwezi kuwa na nguvu za kuhama tena upesi. Aliondoka bila kujibu. Yamkini nimemshawishi.

Anselmo amesema mjomba wake hupanda matikiti hapa kila maji yakishuka, na akauliza kama nimemwomba ruhusa. Nimeahidi kuipa barabara moja jina la mjomba. Mjomba ameleta jibu: amefurahi, na anauliza barabara hiyo ina udongo mzuri wa matikiti au hapana.

Nimepanga mawe meupe kando ya Barabara Kuu, kutoka ukingoni hadi hoteli. Yamenyooka vizuri mno. Nilipokwenda kunawa mikono niliona maji yameshafika kwenye jiwe la kwanza, na sasa naandika haya yakiwa yamefika la tatu. Dalili njema kabisa. Watu wa maana hawajengi bandari mbali na maji.